Gari Lina Mtu Tayari

Mpwa wangu Gasper alifariki kwa malaria iliyompanda kichwani, huko upande wa Namtumbo alikokuwa anafundisha shule ya msingi. Habari zilikuja kwa redio ya mapadri, mwishoni mwa mwaka tisini na sita, wakati watu wa Michenga, kijiji cha dada yangu, mama wa Gasper, wanasafisha mashamba ya mpunga wakingojea mvua. Katekista alipewa ujumbe aupeleke. Akaja kwangu kwanza, Mlabani pale Ifakara, kwa sababu mimi nilikuwa na gari, na kwa sababu hakuwa na moyo wa kumwendea dada yangu peke yake.

Tulimkuta dada Verediana anapepeta mchele uani. Alipotuona tunaingia wawili, aliuweka ungo chini.

"Ni Gasper au ni Edna?" akauliza. Edna ni binti yake aliyeolewa Kidatu.

"Ni Gasper, mama," katekista akasema.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, juu ya mchele.

Shemeji yangu Fridolin, mumewe, alikuwa ametoka kupasuliwa henia, mshono bado mbichi. Asingeweza kukaa hata saa moja ndani ya Landrova yangu kwenye njia ile. Alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, niletee mwanangu. Mimi nitasimamia kaburi." Nikasema nitatafuta mwanamume mmoja wa ukoo twende naye. Dada akatoka ndani amejifunga kanga mbili, rozari shingoni, dumu la maji mkononi.

"Hapana wa kutumwa," akasema. "Nilimbeba mwenyewe tumboni, nitamleta mwenyewe."

Wazee wakaguna kwamba mwanamke hafuati maiti porini. Yeye alikuwa ameshapanda kiti cha mbele.

Njia zilikuwa mbili. Ya lami ingetuzungusha Mikumi, Iringa, Makambako, hadi Songea, ndipo urudi Namtumbo. Karibu kilomita mia tisa kwenda tu. Ya pili ilikuwa ya porini: unavuka mto Kilombero kwa pantoni pale Kivukoni, unapita Lupiro na Malinyi, unaingia Kilosa kwa Mpepo, halafu unaiaga dunia. Kutoka hapo ni pori la Londo, njia ya magurudumu mawili iliyofunguliwa na wawindaji, hakuna kijiji, hakuna duka, mpaka utokee upande wa Ruvuma. Nilikuwa nimewaendeshea wawindaji misimu kadhaa, na Landrova yangu, wani-o-nain ya zamani yenye bodi ndefu, niliinunua kwao. Njia niliijua. Na maiti haisubiri.

Kwenda hakukuwa na shida kubwa. Nchi ilikuwa kavu, majani yameungua, mito imebaki vidimbwi. Mbung'o walituuma mpaka shingo zikavimba. Dada alisali rozari mfululizo. Mara mbili tu alisema neno lisilo la sala. Mara ya kwanza aliuliza kama tembo anaweza kufukua kaburi. Nikamwambia tembo hana haja na kaburi, mwenye haja ni fisi. Nilijuta kumjibu hivyo, lakini aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeelezwa bei ya chumvi. Mara ya pili alisema, "Beatus, barabara hii hata kwa mtu aliye hai ni ndefu."

Walimu wenzake Gasper walikuwa wametengeneza jeneza la mninga, zito, lenye misumari mizuri. Zahanati ilimchoma dawa ya kumhifadhi, lakini mganga wa pale zahanati aliniita pembeni akasema isingeshika muda mrefu kwa joto lile. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye heshima, alimwambia dada, "Mama, kama utaturuhusu, tutampumzisha hapa. Watoto walimpenda."

"Baba yake ameshachimba," dada akamjibu.

Tukampakia. Jeneza lilijaza urefu wote wa nyuma, kutoka kwenye mlango hadi mgongoni mwa viti vyetu. Nililifunga kwa kamba ya katani pande nne.

Tuliondoka mawingu yakiwa yamejikusanya upande wa kaskazini, upande tunaokwenda. Jioni ile ikanyesha mvua ya kwanza. Tulilala ndani ya gari, sisi mbele na Gasper nyuma, maji yakigonga bati juu yetu. Asubuhi njia ilikuwa imegeuka. Udongo uliokuwa vumbi juzi ulikuwa sabuni. Nikaingiza foo-wili, magurudumu yote manne yavute, nikaenda taratibu, na hewa ndani ya gari ilikuwa imeanza kubadilika. Dada alifungua dirisha lake bila kusema kwa nini.

Kabla jua halijapanda sana tulimwona mtu katikati ya njia, anapunga shati. Kijana mrefu, mikono imejaa vumbi la mbao. Alisema anaitwa Antoni, mpasua mbao, na mwenzake ameumia. Gogo lilikuwa limeteleza kwenye shimo la kupasulia, likambana mguu. Alikuwa amemburuta mpaka barabarani na kungoja gari lolote. Hakuna gari lililopita.

Tulimwona huyo mwenzake chini ya mti, amelazwa juu ya majani. Dionisi jina lake, mtu wa makamo hivi, ndevu zimejaa tope. Mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka, ulikuwa umefungwa kwa gunia na vijiti, na inzi walikuwa wengi kuliko gunia lenyewe.

Niliangalia nyuma ya gari, nikamwangalia dada. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo.

"Gari lina mtu tayari," akasema.

Antoni akashika mlango. "Mama, nakusihi. Atakufa huyu."

"Wangu ameshakufa. Beatus, twende."

Sikuweka gia. Sikujua la kufanya, huo ndio ukweli; mguu ulikuwa juu ya klachi na haukutaka kushuka wala kupanda. Ndipo yule pale chini akainua kichwa. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamke. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekutana na mama wa jirani kisimani, "Shikamoo, mama."

Dada akafumba macho. "Marahaba," akasema. Kisha akafungua mlango akashuka, akamwendea, akafunua gunia kidogo akalifunika tena. Aliporudi alianza kufungua kanga yake ya juu.

"Tandikeni hii juu ya jeneza," akasema. "Mpandisheni taratibu."

Basi ndivyo tulivyosafiri. Jeneza chini, juu yake majani na kanga, juu ya kanga Dionisi amefungwa kwa kamba asianguke. Antoni alichuchumaa kwenye mlango wa nyuma, kichwa nje. Dada alihama kiti cha mbele akajibana ubavuni, kati ya jeneza na bodi, akimshika Dionisi bega kila tulipoingia shimoni.

Nikamsikia Dionisi anauliza, "Mama, chini hapa ni nani?"

"Mwanangu. Anaitwa Gasper."

Kuanzia hapo, kila gari liliporuka na uzito wake ukalishukia jeneza, yule mtu alisema, "Samahani, Gasper." Mwanzoni nilidhani homa inamchanganya. Haikuwa homa. Alikuwa anaomba radhi kweli. Njia nzima, shimo kwa shimo. Baadaye sauti ikaisha, nikawa naona kwenye kioo midomo tu ikicheza.

Mchana tukafika kwenye mto ambao tulipokwenda tuliuvuka bila hata kulowesha ringi. Sasa ulikuwa na maji mekundu, yanakwenda kwa kasi, yamebeba matawi. Antoni aliingia kwa miguu akapima: yalimfika kiunoni. Tungesubiri yapungue, lakini juu milimani kulikuwa bado kweusi, maana yake yangeongezeka. Nikaingia.

Katikati maji yalipita juu ya sakafu ya gari. Nikayasikia yakizunguka jeneza, na nikamsikia dada akisema, "Yanaingia ndani, Beatus, yanaingia kwake." Sikusimama. Ukisimama katikati umekwisha. Tulifika ng'ambo, magurudumu ya mbele yakakamata ukingo, nikakanyaga mafuta, na nyuma kukatoka mlio kama risasi. Nikaujua kabla sijashuka. Shafti ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, imekatika.

Tulitoa kipande kilichovunjika, na gari likabaki linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Mtu asiyejua magari nimwelezee hivi: gari la namna hiyo likiwa na mzigo mzito nyuma, mbele hunyanyuka, magurudumu hukosa nguvu ya kushika ardhi. Mbele yetu kulikuwa na mwinuko mrefu wa udongo mwekundu, na sisi tulikuwa chini yake. Tulikata matawi, tukashindilia mawe, tukasukuma. Gari lilipanda hatua chache likarudi kiubavuubavu, likakaribia kutumbukia mtoni. Tukajaribu tena. Mara ya mwisho lilirudi likagonga mti, na Dionisi akapiga yowe la kwanza tangu tumchukue.

Tulimtoa tukamlaza kwenye majani. Tukalishusha jeneza. Maji yalichuruzika kwenye pembe zake, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nikajaribu gari tupu: likapanda polepole, linakohoa, lakini likafika juu.

Nikarudi chini kwa miguu. Wote wananiangalia.

"Linapanda tupu," nikasema. "Likiwa na Dionisi na sisi, likijikaza kidogo, litapanda. Likiwa na jeneza haliwezi. Na mbele kuna vilima vingine kama hiki, na mto mwingine."

"Tulibebe kwa mikono mpaka juu," Antoni akasema.

Tulijaribu, sisi watatu. Jeneza la mninga lililokunywa maji. Tulilisogeza mwendo wa kutoka hapa nilipokaa mpaka mlango ule, likatushinda.

Antoni akafuta uso. "Mama, mimi nitabaki naye. Nendeni mumpeleke Dionisi, mnitumie gari jingine."

"Gari gani?" nikamwuliza. "Mvua ikishika njia hii inafungwa mpaka Juni."

Dada alikuwa amekaa mkono mmoja juu ya jeneza. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba akisema hatumwachi Gasper, tukae naye hapa sote mpaka Mungu alete msaada, sitambishia. Ni mwanawe. Lakini kabla sijafungua kinywa aliniuliza, "Yule akikaa hapa leo, kesho atakuwepo?"

Nikamtazama Dionisi. Gunia lilikuwa limelowa, na weusi ulikuwa umevuka goti.

"Hapana, dada."

"Na Gasper nikimfikisha Michenga, kesho atakuwepo?"

Hakuwa ananiuliza mimi.

Akasimama. "Chimbeni," akasema. "Si hapa chini. Pandeni pale juu kidogo, pasipo na mizizi."

Tulilisogeza jeneza kwa kulibingirisha juu ya magogo, Antoni alijua namna ya kulifanya hivyo, mpaka penye tambarare ndogo kando ya mteremko. Tukachimba kwa sepetu la gari na kwa shoka. Juu udongo ulikuwa tope, lakini chini ulikuwa mkavu, mwekundu kama tofali. Dada hakukaa. Alikuwa anaokota mawe mtoni na kuyaleta mojamoja kwenye ncha ya kanga, ya kuwazuia fisi. Tulipomshusha aliongoza sala ya marehemu yote, bila kukosea. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwenye jina. Kisha akashika udongo akamwaga, akasema, "Baba yako nitamwambia mimi."

Antoni alichonga msalaba kwenye gome la mti uliokuwa karibu. Tukambeba Dionisi mpaka garini, tukaondoka kukiwa bado kuna mwanga.

Sitasimulia njia iliyobaki. Malinyi walimchoma Dionisi sindano wakatuambia tukimbie. Kivukoni pantoni ilikuwa ng'ambo, tukangoja, dada amekiweka kichwa cha Dionisi mapajani mwake. Hospitali ya Ifakara walimpokea mlangoni na kumwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Antoni akabaki naye. Nikamwambia dada tupumzike Mlabani, aoge, kesho twende Michenga.

"Watu wanangoja," akasema.

Kweli walikuwa wanangoja. Tulipotokea barabara kuu waliliona umbo la Landrova kutoka mbali, na vilio vikapokewa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka tulipoingia uani. Wanaume wa ukoo walikuja nyuma ya gari wameshavua mashati, tayari kupokea. Mmoja akafungua mlango. Ndani kulikuwa na majani, kamba, na damu iliyokauka sakafuni. Vilio vikaisha kama mtu kafunga bomba.

Fridolin alikuja anatembea polepole, mkono umeshika mshono wake. Akachungulia ndani. Akamgeukia mke wake.

"Yuko wapi?"

Dada akamwambia. Alisimama wima mbele ya watu wote na kumwambia kila kitu, tangu shati la Antoni mpaka mawe ya mtoni, hakupunguza wala hakujitetea.

"Umemwacha mwanangu porini," Fridolin akasema, "ukaniletea damu ya mtu mwingine."

Akatuacha, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi alilosimamia kuchimbwa. Lilikuwa kaburi zuri, limenyooka, matofali yameshapangwa ndani. Hakuna aliyethubutu kumsogelea ila dada yake mkubwa, bibi Balbina. Bibi akasema kaburi haliachwi wazi, litatafuta mtu mwingine. Akaagiza mgomba. Wakakata mgomba mbichi urefu wa mtu, wakauvika sanda iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya Gasper, wakauzika. Katekista hakutaka kusali, akasimama kando. Dada Verediana alitazama hadi mwisho, macho makavu.

Tangu siku ile nyumba ile ilikufa nusu. Fridolin alihamia chumba cha nje. Alikula alichotengewa na kurudisha sahani bila neno. Kisimani wanawake walinyamaza dada alipofika, na mmoja, namhifadhi jina, alimwuliza kama yule mwanamume wa porini alikuwa jamaa yake wa zamani. Kwa miezi hiyo yote Fridolin hakuuliza swali hata moja kuhusu safari. Nilijaribu kumweleza habari za shafti na vilima. Akaniambia, "Shemeji, wewe ulikuwa dereva," akaondoka.

Masika yakaja na mto Kilombero ukapanda. Baada ya Pasaka Dionisi alitoka hospitali, mguu umekatwa juu ya goti. Nilikuwa nakwenda kumwona mara mojamoja, na kila mara aliniomba jambo moja, nimpeleke Michenga. Nilimwambia hatapokelewa. Akasema anajua.

Tulimkuta Fridolin kibarazani anasuka mgono wa kutegea samaki. Dionisi alishuka kwa magongo, akavuka ua, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Fridolin aliendelea kusuka. Dionisi akabaki amesimama, jasho linamtoka, kwapa zimeelemea magongo. Dada alikuwa ametokea mlango wa jikoni, hakusogea. Nilikaribia kumshika Dionisi nimrudishe garini.

"Marahaba," Fridolin akasema mwishowe. Akaacha mgono. "Wewe ndiye uliyelala juu yake?"

"Ndimi, baba."

"Alikuwa ananuka?"

Nikaona aibu, lakini Dionisi hakukwepa. "Alikuwa ananuka, baba. Na mimi nilikuwa nanuka. Ulikuwa mguu."

Fridolin akaitikia kwa kichwa. Akautazama ule mguu usiokuwepo, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Pakoje pale?"

"Ni mteremkoni. Kuna miombo mikubwa. Udongo mwekundu. Nilikuwa nimelala chini nawaangalia wakichimba, chini ulikuwa unatoka mkavu."

"Na masika? Maji ya mto?"

"Hayapandi pale, baba. Nimepasua mbao kwenye msitu ule miaka mingi. Hayapandi."

"Hayapandi," Fridolin akasema.

Akageuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba. Mafuriko yalikuwa yamefika kwenye migomba. Mahali pa makaburi palikuwa maji matupu, ya rangi ya chai. Misalaba miwili mitatu ya zamani ilitokeza ncha, na pale tulipouzika mgomba hapakuonekana kitu. Baba yake Fridolin alikuwa chini ya maji yale, na mama yake, na watoto wawili waliofariki kabla ya Gasper.

"Verediana," akaita. Nilikuwa sijamsikia akilitaja jina hilo tangu tulipotoka porini. "Mletee mgeni kigoda."

Dada akaleta kigoda. Akamsaidia Dionisi kukaa, akayalaza magongo chini, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, mbali kidogo na mumewe, mikono mapajani.

"Sasa anzeni pale mlipokutana," Fridolin akasema. "Mwanzo kabisa. Aanze mke wangu."